Mchuzi wa Mayai ya Mbasa

Kwa miaka kumi na moja niliishi uwanja mmoja na baba mkwe wangu bila kumwona uso. Jina lake silitaji hata leo. Ndivyo walivyo Wanyakyusa wa zamani: mke wa mwana na baba mkwe wanakwepana. Akija njia hii, mimi naingia migombani. Akikohoa upande ule, najifunika khanga na kugeuka. Wenzangu wengi hapa Nkunga wameshaacha mambo hayo, wanakunywa chai meza moja na wakwe zao na mbingu haijaanguka. Mzee wetu hakutaka kusikia. Na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nilitii.

Halafu koo lake likaota saratani. Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu. Mume wangu Jairo akamhamishia chumba cha nyuma, kinachotenganishwa na jiko langu kwa ukuta wa mbao, kisha akaondoka na lori la ndizi kwenda Dar. Aliyekuwa anaingia kumlisha ni Shangazi Atuganile, dada yake mzee. Mimi napika, yeye anapeleka. Uji unarudi. Mtori unarudi. Siku ya nne nikapandwa na hasira.

“Shangazi, muulize anataka nini. Mtu hawezi kufa njaa mimi nikiwa na moto jikoni.”

Jibu likatoka ukutani, kwa sauti iliyokwaruzwa kabisa.

“Ewe ukuta, mwambie mpishi nataka mchuzi wa Wajapani. Wa mayai ya samaki.”

Enzi za ujana wake alikuwa mpishi wa wataalamu wa Kijapani waliopanga nyumba kule Tukuyu mjini. Jairo amekua akizisikia hizo hadithi, na wote tulidhani mzee anajisifu. Sasa nikagundua kwamba anajua anachosema. Tangu saa hiyo tukawa tunaongea, ila si mimi na yeye. Yeye anauambia ukuta, mimi naujibu ukuta. Shangazi alicheka mpaka machozi, akasema wakwe wamepata wakili.

Asubuhi yake nikashuka sokoni Tukuyu kwa Zakia, muuza samaki, ambaye shehena yake hutoka Kyela, Ziwa Nyasa. Ilikuwa masika, mbasa wana mayai. Zakia alinipasulia matumbo manne na kuniwekea vifuko vya mayai kwenye jani la mgomba.

“Haya watu hukaanga, dada Tulia. Wewe unafanyia nini?”

“Nampikia mgonjwa.”

“Mungu amfanyie wepesi,” akasema, akaongeza kifuko cha tano.

“Ukuta,” mzee akasema niliporudi, “yalale kwenye chumvi na pilipili ya unga. Siku mbili. Afunike.”

“Ukuta, mwambie mzee siku mbili ni nyingi.”

“Mwambie huyo mtu haraka zake aziache kwao Lupepo.”

Nilicheka. Nakiri, siku mbili zile nilikuwa na furaha ya kijinga. Aliniuliza, kupitia kwa ukuta, kama mayai yametoa maji, nikayamwaga yale maji. Akaniambia niengue krimu juu ya maziwa ya jana, ijae kikombe. Usiku Shangazi alitoka chumbani kwa mzee akitikisa kichwa, maana hata maji yalikuwa yanampita kwa shida. Nilichokuwa nakiomba kilikuwa kidogo tu: ameze vijiko viwili vitatu vya chakula changu na kukifurahia, kabla hajaondoka.

Siku ya tatu kulikuwa na msiba Lufingo. Majirani wote walikwenda, na Shangazi akaenda kutoa rambirambi, akaahidi kurudi saa nane. Mvua ikaanza saa saba. Nikaanza kupika saa nane kasoro, ili aukute mchuzi ukiwa wa moto.

“Apasue ngozi,” ukuta ukasema, “akwangue kwa mgongo wa kijiko.”

Nikakwangua. Punje ndogondogo za rangi ya chungwa zikajaa bakuli. Nikayeyusha siagi, nikamimina krimu, nikaipasha bila kuichemsha.

“Sasa atoe motoni. Mayai yaingie nje ya moto. Yakiiva yanakuwa mchanga. Limau, matone tu.”

Nikakoroga. Ukawa mchuzi mzito, mlaini, wa rangi ya waridi. Nikauonja: chumvi, maziwa na ziwa lenyewe. Sijawahi kupika kitu kizuri namna ile.

“Ukuta, umeiva.”

“Ndaga fijo,” akasema. Asante sana. “Ulete.”

Saa nane ikapita. Nane na nusu. Shangazi haonekani. Kuupasha tena siwezi, mayai yataganda. Nikauchukua hadi mlangoni kwake, nikageuza mgongo, nikalisukuma bakuli ndani kwa kijiti cha kuchochea moto, juu ya mkeka.

“Sifikii,” akasema.

“Ukuta, Shangazi yuko njiani.”

Mvua inapiga bati. Halafu akaita, na safari hii hakuuita ukuta.

“Tulia. Mwanangu, ingia.”

Miaka kumi na moja hakuwahi kulitaja jina langu. Nikasema moyoni, hii ni homa inaongea, au ananijaribu, au nikiingia na akafa, watasema mkwe ndiye aliyemuua. Yote hayo niliyafikiri nimesimama pale, mgongo kwake, khanga usoni.

“Tulia.”

Nikajibu, “Shangazi anakuja.”

Nikasikia kitanda kinalia, kisha mtu anaanguka.

Hata hapo sikugeuka. Nilikimbia. Nilikimbia kwenye mvua nikipiga kelele kwenye nyumba ambazo hazina watu, mpaka barabarani, nikamkuta Shangazi anashuka na mwavuli wake. Tuliporudi akaingia yeye. Nikasikia kilio chake. Ndipo na mimi nikaingia, maana sasa hakukuwa na wa kumkwepa. Alikuwa kifudifudi juu ya mkeka, mkono umenyooshwa, bakuli liko mbele ya vidole vyake. Tulipomgeuza nikaona uso wa Jairo, uliozeeka. Mchuzi ulikuwa umepoa na kufanya utando.

Msibani nilisifiwa. Wanawake wa Nkunga walinishika mikono: mkwe wa heshima, hakuvuka kizingiti mpaka pumzi ya mwisho, wapo wapi wa namna hii siku hizi? Natamani wangenizaba makofi. Nilisema asante, nikaendelea kuchambua mchele, na kila aliyenisifu nilimchukia.

Jairo alifika kesho yake, tukazika. Siku ya tatu tulikuwa tunatoa vitu chumbani mle, mimi na yeye. Akaniuliza baba yake alisema nini mwisho.

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, “Aliniita kwa jina. Alisema niingie.”

“Ukaingia?”

“Sikuingia.”

Jairo aliangalia mlango, akaangalia kitanda. Najua alikuwa anapima nini, maana nimeshapima mwenyewe. Ni hatua nne.