Mzunguko Mkavu

Kazini kwetu tuna desturi ambayo mgeni akiisikia hucheka. Kila tunapokaribia kumaliza kuunda usukani mpya wa gari, tunawaita wazazi wetu, wajomba na mashangazi waje wauendeshe. Sababu ni kwamba mikono yetu sisi imeshaharibika. Ukishinda miezi na miezi umeshika usukani uleule, unaurekebisha na kuurekebisha tena, unafika mahali hata uwe mzito kama jiwe la kusagia wewe unaona sawa tu. Madereva wetu wa majaribio nao ni mapande ya watu, wanaweza kugeuza tairi kwa meno. Kwa hiyo tunaazima mikono ya watu wa kawaida. Siku hiyo tunaiita siku ya mikono.

Mwaka huu nilimleta Baba, na nilimleta kwa shari. Dada yangu mkubwa alikuwa hanipi usingizi kwa simu zake. Alitaka Baba anyang'anywe funguo za pikapu kwa sababu ameukwaruza ukuta wa jirani, kisha akaurudia palepale.

"Mikono imeisha ile," Dada alisema. "Anatuficha. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Baba ameendesha malori maisha yake yote," nikamjibu. "Mkwaruzo ni nini? Wewe mwenyewe ukirudi nyuma na gari lako, majirani wanaita watoto ndani."

Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho akasema, "Haya, si wewe ndiye mtaalamu wa stelingi? Mpime huko kwenu. Ukiniambia mzima, nanyamaza. Ukiniambia si mzima, nakuja kuchukua funguo mwenyewe." Nikakubali haraka, maana nilikuwa na uhakika wa kumfunga mdomo. Baba hatukumwambia chochote. Tangu astaafu, ile pikapu ndiyo inayomtoa kitandani. Anampeleka Mama sokoni, anawabebea majirani makabati na magunia, anarudi jioni amejaa vumbi na hadithi. Mnyang'anye pikapu, utabaki na mzee wa sebuleni anayegombana na redio.

Basi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, kola mpaka juu. Vijana wa karakana wakamwamkia, akawaitikia mmoja mmoja kama mgeni rasmi. Gari letu lilikuwa kwenye uwanja wa lami nyuma ya jengo, koni za plastiki zimepangwa mbele yake kwa kupindapinda.

"Hili nalo lina pampu ya oili?" aliuliza alipokaa kwenye usukani.

"Halina, Baba. Lina mota." Nikamweleza nikiwa kiti cha pembeni. Kati ya tairi mbili za mbele kuna fimbo ya chuma yenye meno, tunaiita reki. Ukizungusha usukani, reki inasogea kushoto au kulia, na tairi zinageuka nayo. Mota yetu imekaa kwenye reki yenyewe. Ndani ya shina la usukani kuna kijiti cha chuma ambacho ukigusa tu kinajipinda kidogo. Kompyuta inapima kule kujipinda, inajua unataka kwenda wapi na kwa nguvu gani, halafu inaiamuru mota isukume.

"Kwa hiyo mimi nanong'ona, mota inapiga kelele," alisema Baba.

Mwenzangu aliyekaa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani alicheka sana. Huyu tunamwita Miwani, na si kwa sababu anaona vizuri. "Mzee, hiyo nitaiandika ukutani," alisema. "Twende mzunguko wa kwanza, pole pole."

Baba akaondoa gari. Alipita kati ya koni kama maji, hakugusa hata moja, na mimi nikawa nazipanga kichwani sentensi za kumwambia Dada. Kwenye skrini, kila dereva huonekana kama mstari. Akivuta usukani kwa nguvu mstari unapanda, akilegeza unashuka. Kwetu sisi mstari wa chini ni sifa, maana yake mtu hakutoka jasho, mota imebeba kazi. Mstari wa Baba ulikuwa umelala karibu na sakafu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mama yangu," alisema Miwani. "Hii mikono ni hariri. Hatujapata mtu laini namna hii tangu tuanze."

Bosi, aliyekuwa amesimama nje, akachungulia dirishani, akaona, akampigia Baba makofi. Vijana nao wakapiga. Baba akanyanyua mkono mmoja kuwashukuru, kisha akaurudisha upesi kwenye usukani.

Ule mkono nikauona ukitetemeka hewani.

Ni lazima niseme kuhusu chujio. Barabara mbovu hutikisa tairi, mtikisiko hupanda kwenye reki mpaka mikononi mwa dereva, na watu hawapendi. Kazi yangu mimi, niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote, ni programu ndogo inayochuja mtikisiko huo. Inachuja unaotoka chini, barabarani, na unaotoka juu, mikononi mwa dereva, vilevile. Skrini ya Miwani ilikuwa inaonyesha mstari uliokwisha kuchujwa. Nikafungua kompyuta yangu, nikatafuta ule mbichi.

Ulikuwa unachemka kama maharage. Mkono ulikuwa unatetemeka mfululizo, na nguvu iliyokuwa nyuma ya ule mtetemeko ilikuwa ya mtoto. Mikono ya Baba haikuwa laini, ilikuwa imeisha. Alikuwa ananong'ona kwa sababu hakuwa na sauti nyingine. Na gari langu lilikuwa limemfichia vizuri kiasi kwamba hata mimi, niliyekulia nyumbani mwake, nilikuwa nimekaa pembeni yake nafurahi.

"Haya, sasa mzunguko mkavu," alisema Miwani.

Mzunguko mkavu ni wa lazima kwa kila mgeni wa siku ya mikono. Tunaizima mota, dereva anapita koni zilezile kwa nguvu zake, ili tujue siku mota ikifa barabarani mtu wa kawaida ataweza kulitoa gari pembeni. Sheria ni yangu, nilipigana na Bosi ili iwekwe.

"Huo tuuache," nilisema. "Baba amechoka."

"Amechoka nini? Mtu ametelemka kama yuko kwenye mteremko." Miwani aliinama mbele. "Mzee, umechoka?"

Nilimtazama Baba ili asome uso wangu. Aliusoma. Ndiyo maana akasema, "Sijachoka. Nimeendesha malori yasiyo na pawa wala nini, kijana wangu. Zima hiyo mota yako."

Nifanye nini? Nikisema sababu, nimemvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, anajivua mwenyewe. Nikanyamaza. Miwani akabonyeza, taa ndogo ya manjano ikawaka mbele ya dereva, na Baba akaachia breki.

Gari likitembea kwa kasi, usukani hata bila mota ni mwepesi. Uzito wote uko pale linapotambaa, na sisi tulikuwa tunatambaa. Kwenye kona ya kwanza Baba alivuta. Usukani ukaenda kidogo, ukakataa. Akavuta tena, nikaona mishipa ya shingo imemsimama, nikaona kidole gumba kinateleza juu ya ngozi ya usukani. Gari likaenda moja kwa moja. Likalala juu ya koni ya kwanza, likaiburuta, likaifuata ya pili, ndipo akakanyaga breki.

Niliangalia magoti yangu.

"Ah, reki imekwama," alisema Miwani.

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Na wote wakaamini, kwa sababu walikuwa wameona mzunguko wa kwanza. Mtu mwenye mikono ya hariri hawezi kushindwa na koni. Kwa hiyo kosa ni la gari. Hakuna watu wengine duniani ambao wangefikiri hivyo, ila sisi, ambao mzee akishindwa kugeuza usukani tunamkagulia usukani.

Bosi alikuja mbio. "Tusamehe sana, mzee. Gari letu limekuaibisha."

Baba alifuta mikono kwenye suruali. "Hamna neno," alisema. "Mashine ni mashine."

Wakamtafutia kiti kivulini, wakamletea maji. Gari likapandishwa juu ya lifti. Mmoja akaishika reki, mwingine akatikisa tairodi, vile vijiti vinavyounganisha reki na tairi, Miwani akawa anasoma kompyuta na kulaani. Mimi nami nikapewa tochi. Nilikwenda chini ya gari, nikamulika chuma ambacho nilijua hakina kasoro hata ya nukta, nikasema, "Huku sioni kitu, labda upande ule." Huo ndio uhandisi niliofanya alasiri ile. Kila nilipochungulia, nilimwona Baba kwenye kiti chake, glasi ya maji ameiweka katikati ya mapaja na kuishika kwa mikono miwili. Alikuwa anatutazama tukitafuta kwenye chuma kitu kilichokuwa mikononi mwake. Macho yetu yakakutana. Mimi ndiye niliyeyaondoa.

Hawakupata kitu. Bosi akaamua kesho reki yote ifunguliwe, jino kwa jino. Akamshika Baba mkono kwa kumuaga, akamwambia mikono yake ndiyo kipimo watakachotumia kwa gari zima. Baba akashukuru.

Tulirudi na pikapu mpaka nyumbani kwa wazazi, ambako mimi siishi tena, yeye akiendesha. Nilimwomba anipe, nikisema nimemisi kuiendesha. Akaniambia nimisi kesho. Njiani nikaanza kuona mambo ambayo macho yangu yalikuwa yanayapita siku zote. Hakupita njia fupi yenye kona kali, alizunguka mbali ambako barabara imenyooka. Kona aliikata kwa upana, mapema, kabla gari halijapunguza mwendo. Panapohitaji nguvu, aliuingiza mkono ndani ya usukani na kuuvuta kwa kiwiko. Fundi kamili, sikatai. Alikuwa amejijengea mfumo wake wa msaada bila kumwambia mtu.

"Dada yako anataka jibu lini?" aliuliza ghafla.

"Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Mimi ndiye niliyewazaa." Alikuwa anatazama mbele. "Utamwambiaje?"

"Sijui, Baba."

"Mwambie gari lenu lilikuwa bovu. Si hata bosi wako amesema?"

Nikimwambia Dada ukweli, nimemzika Baba akiwa hai. Nikidanganya, huenda nikamzika kweli, na Mama kando yake, au mtoto wa watu anayevuka barabara. Niliitafuta njia ya tatu mpaka tukafika, sikuiona. Watu wasionijua watanunua gari lile, watazungusha usukani kwa kidole kimoja na kuongea upuuzi, na mota yangu itawasukumia. Lakini kwenye pikapu ile hapakuwa na mahali pa kuifunga mota, wala mtu wa kuikubali.

Geti lao liko kwenye uchochoro mwembamba. Ili uingie, lazima ukate usukani wote gari likiwa linatambaa. Baba alifika mbele ya geti, akaushika kwa mikono miwili, akavuta. Akainuka kidogo kwenye kiti, akaulalia kwa kifua. Nikanyoosha mkono wangu, nikaushika kwa upande wangu, na kweli ukaanza kwenda.

"Toa mkono," alisema, bila hasira.

Nikautoa. Nikaweka mikono yote mapajani na kumsikiliza akihema. Usukani ulirudi ulipotoka.

Akazima injini. "Leo tuiache hapa nje," alisema. "Zile koni zenu zimenichosha."

"Sawa, Baba."

Geti likafunguka, Mama akatoka. Nilijiandaa aulize mbona hatuingii, nimtafutie la kusema. Hakuuliza. Mkononi alikuwa na jiwe. Akainama kwa tabu, akaliweka nyuma ya tairi, akalikaza kwa kisigino kama mtu afungaye mlango wake wa kila siku. Kisha akalivuta turubai lililokuwa limekunjwa chini ya ukuta, nje, na kuanza kulikunjua juu ya boneti. Lilikuwa limepauka kwa jua mpaka halijulikani lilikuwa rangi gani.

"Kesho nitaiingiza," Baba alimwambia.

"Kesho, mzee wangu," alisema Mama, akiendelea kuvuta.

Halafu wote wawili wakanigeukia, wakasubiri. Nikashika pembe ya pili ya turubai.

"Ndiyo," nikasema. "Kesho, Baba."