Beki wa Kota

Fundi Peres alikuwa na maneno mawili ambayo Uthiru nzima ilikuwa imeyakariri: "mwanangu" na "Amerika." Ukimpelekea sketi akupunguzie kiuno, ulirudi nyumbani na sketi yako na habari za Shem juu yake. Ukipeleka suruali, habari zilikuwa ndefu zaidi kwa sababu suruali ina miguu miwili ya kukunja. Na kwa kuwa cherehani yake ilikaa kando ya njia ya kuingilia kanisani, hata mtu aliyekuwa akienda kusali kimya kimya hakuponea.

Sasa, kosa lenyewe lilianzia kwenye simu. Shem aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda kusomea Amerika kwa ufadhili alioupata kwa kurusha mkuki. Huko kocha mmoja akamwona akirusha, akamwambia aachane na kijiti hicho, aje ashike mpira. Baada ya miezi kadhaa akampigia mama yake simu. Laini ilikwaruza, cherehani ilinguruma, na kijana akapaza sauti: "Mama! Wamenifanya kotabeki!"

Peres alisikia vizuri, msije mkamsingizia. Alisikia kila herufi. Ila katika herufi zote hizo, alizozifahamu ni nne za mwisho. Beki! Akaacha pindo la mtu likining'inia, akaenda kutangaza. Walipomuuliza hiyo kota ni ya nini, hakubabaika hata kidogo.

"Si mnajua kota? Zile nyumba za wafanyakazi. Timu imewapa wachezaji nyumba. Yeye ni beki anayekaa kota."

Basi ikawa hivyo. Kijana akamaliza chuo, akasajiliwa na timu ya kulipwa, akacheza misimu tisa, na misimu yote tisa Uthiru ilimjua kuwa beki. Picha ilipokuja, Shem amevaa helmeti na mabega yamefura, Millicent akauliza kama siku hizi kijana ni wa bodaboda.

"Kuna barafu huko," Peres akamjibu papo hapo. "Wewe ungecheza kichwa wazi?"

Millicent alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kanisani, mwanamke mwenye miwani na maswali. Yeye pia alikuwa na kijana, Obuya, karani wa ofisi moja Hurlingham, aliyekuwa kipa wa timu ya kanisa. Obuya alionekana akidaka kila Jumamosi kwa macho ya kila mtu. Shem hakuwa ameonekana na yeyote, na hapo ndipo Millicent alipopenda kuchokonoa.

Tena alichokonoa penye kidonda, kwa sababu Peres mwenyewe hakuwa amemwona akicheza. Viza ilikataliwa mara mbili. Video alizotumiwa zilionyesha watu wenye helmeti wakilaliana kwenye nyasi, asijue mwanawe ni yupi kati ya hao waliolaliwa. Usoni alicheka na kutia chumvi, lakini kuna siku alikaa na cherehani yake akajiuliza: na kama hakuna mpira wowote? Na kama mtoto anaosha vyombo hotelini na ananificha nisiumie? Swali hilo hakumwambia mtu. Alilikanyagia pedali likapotea kwenye kelele.

Mwaka huu Shem akarudi. Ana miaka thelathini na tano, goti limekatwa mara mbili, amestaafu. Peres alilibeba neno hilo mpaka likachakaa. "Nyinyi mnangoja miaka sitini, wangu ameshastaafu!" Na wiki hiyo hiyo, kanisa la Jamhuri likatoa mwaliko: mechi ya maveterani, Jumamosi saa tisa, katika kiwanja cha shule kule kwao.

"Afadhali," Millicent akasema mbele ya kikundi kizima. "Sasa tutaona huyu beki. Akicheza vizuri, Mama Shem, mimi mwenyewe nitasimama kanisani niombe msamaha. Akishindwa, mwaka mzima tusisikie neno Amerika."

"Mwaka mmoja tu?" Peres akasema. "Weka miwili!"

Haya, ulimi huo. Alifika nyumbani akaanza kutafuta kitambaa cha jezi.

Shem alipopewa habari alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Mama, kuhusu hiyo mambo ya beki..." Lakini Peres alikuwa ameshaishona jezi. Namba tano mbele. Nyuma, kwa uzi wa rangi ya dhahabu, herufi kubwa kama za kibao cha duka: BEKI. Aliikunjua kwa mikono miwili, uso unamng'aa, na kijana aliyekuwa amesimama mbele ya mijitu ya kilo mia na hamsini bila kukimbia akasalimu amri. Akaivaa.

Jumamosi kiwanja cha Jamhuri kilijaa. Uthiru walikuja na filimbi na masufuria ya kupiga. Timu yao ilikuwa na upungufu, kwa hiyo Peres alimwazima Athman, muuza vitambaa wa mjini, ambaye kwake alinunua vitambaa miaka ishirini. Athman alikuwa mtu wa Lamu, tumbo limetangulia, heshima imefuata.

"Mimi mbio ninazo, Mama Shem," alisema akifunga viatu. "Za haraka sikuahidi. Lakini nikiambiwa nifike mahali, nafika."

Refa, mwalimu Macharia, akapuliza. Shem akasimama nyuma katikati, na Peres akasimama kwenye laini kifua mbele, tayari kupokea sifa.

Sifa hazikuja. Mpira wa kwanza ulimpita Shem katikati ya miguu. Wa pili alijaribu kuupiga akapiga nyasi, bonge la udongo likaruka na mpira ukabaki pale pale ukimtazama. Wa tatu aliupiga kweli, ukaenda kwa akina mama ukamwaga chai. "Beki!" wakashangilia watu wa Jamhuri. "Beki, ongeza chai!" Peres akasema ni jua. Kisha akasema ni viatu. Kisha akajisogeza nyuma ya wenye masufuria.

Ndipo ikapigwa krosi. Mpira ulikuja juu, polepole, mzuri, na mwili wa Shem ukatangulia akili yake. Akaruka, akaudaka kwa mikono miwili ndani ya boksi, akaukumbatia kifuani akaanza kukimbia nao! Akamkwepa mmoja, akamsukuma mwingine kwa bega, akapiga hatua kumi na mbili huku filimbi ya Macharia inalia nyuma yake kama birika lililosahaulika jikoni. Watu walianguka. Mzee mmoja wa kanisa alishikwa na kichomi cha kicheko ikabidi apepewe. Jamhuri wakapiga penalti, bao moja, na Millicent akaondoa miwani ili afute machozi.

Mapumziko yalipofika, Peres alimvuta mwanawe kwa jezi hadi nyuma ya goli.

"Shem. Wewe ni beki ama si beki?"

"Si beki, Mama. Nilikwambia kotabeki."

"Na kotabeki si beki?"

"Hapana. Ni mtu wa kurusha. Unashika mpira, unaangalia nani ako peke yake, unamrushia. Ni mchezo ingine kabisa. Tunacheza na mikono."

Peres akamtazama. "Na huo mchezo wa mikono wanauitaje?"

"Futboli."

"Hao watu wana shida," Peres akasema. Wakacheka wote wawili bila kupenda. Kisha kicheko kikamwisha. "Miaka hiyo yote, mbona hukunirekebisha?"

"Nilijaribu. Kila nikipiga ulikuwa umeshawaambia watu, na ulikuwa na furaha, Mama. Nikasema wacha tu nikuwe beki."

"Kwa hivyo nimekuwa nikiwadanganya."

"Hukudanganya. Nilikuwa mchezaji. Haki ya Mungu, Mama, nilikuwa mzuri."

"Sijui," Peres akasema polepole, na sauti yake ikamshtua hata yeye. "Mimi sijawahi kuona."

Shem akainamisha kichwa. Goti lilikuwa limefura. Filimbi ikalia, akarudi uwanjani akichechemea, na mama yake akabaki pale ameshika nguzo ya goli. Hakuwa akifikiria tena mwaka mmoja wala miwili. Alitaka kuona, basi.

Dakika kumi baadaye Obuya aliruka kuokoa mpira akateguka kidole. Akatolewa akikunja uso, mama yake Millicent akimkimbilia na barafu ya soda. Wachezaji wa akiba hawakuwepo. Wawili walikuwa hoi chini, mmoja alikuwa ameenda kwenye mkutano wa harusi. Uthiru wakaanza kutazamana nani akae golini.

"Wekeni Shem!" Peres akapiga kelele.

Millicent akageuka. "Beki wako? Kwa goli?"

Kiwanja kizima kilikuwa kikisikia. Angeweza kubuni kitu, kwa kubuni hakuwa na mpinzani. Lakini Peres akavuta pumzi akayamwaga yote.

"Si beki! Nilikosea! Miaka yote nimewaambia vibaya, hajawahi kuwa beki hata siku moja! Huyo ni wa mikono! Mwekeni golini!"

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika hadi barabara ya Ngong. Peres alisimama nacho, masikio yanawaka moto, asirudi nyuma hata hatua. Shem akavaa glavu za Obuya. Alipofika golini akageuka kumtazama mama yake, kisha akazivua, akazitupa pembeni.

Dakika za mwisho, bado moja bila. Jamhuri wote wamepanda kutafuta la pili. Mmoja wao akapiga shuti, Shem akalidaka kwa urahisi wa mtu anayepokea sahani mezani. Mbele yake msongamano. Mbali kabisa, karibu na mstari wa katikati, kwenye nusu ya Uthiru, Athman alikuwa amesimama peke yake na mikono kiunoni, akipumzika.

"Athman!" Shem akaita. "Kimbia!"

"Niende wapi?"

"Golini! Usiangalie nyuma!"

Athman akaambiwa afike, akaenda kufika. Peres aliona mkono wa mwanawe ukirudi nyuma ya sikio, bega likazunguka, na hofu ikamjaa akafumba macho. Akaomba. Aliomba maneno yoyote yaliyokuja, mengine yalikuwa ya kupima nguo.

Kisha mlio ambao hakuwahi kuusikia, watu mia tatu wakivuta pumzi pamoja. Kisha mayowe. Alipofumbua macho, Athman alikuwa kifudifudi ndani ya nyavu za Jamhuri, mpira chini ya tumbo lake, na kipa wao bado anatazama mbinguni. Masufuria yakapigwa. Akina mama wakakimbia uwanjani na leso zao. Hata watu wa Jamhuri walishika vichwa wakiulizana kama ule ulikuwa mkono wa binadamu.

Millicent alimrukia Peres shingoni, miwani imepinda. "Woi! Mama Shem! Umeona? Mpira umevuka kiwanja! Umemwangukia yule mzee kifuani kama ametumiwa kwa posta! Kesho nasimama kanisani, nasimama mbele kabisa! Umeona lakini?"

Peres alikuwa anatikisa kichwa. "Sijaona."

"Nini?"

"Nilikuwa nimefumba macho!"

Akajitoa mikononi mwa Millicent, akaingia uwanjani. Alipita katikati ya wachezaji, akapita duara la katikati, sketi ameikusanya mkononi. Macharia alikuwa ameshaweka mpira wa kuanzia.

"Mama, tafadhali, toka. Mechi haijaisha."

"Mwalimu, huyu ni mtoto wangu. Watu wa Amerika wamemwona, wewe umemwona, Millicent amemwona. Mimi pekee ndiye sijamwona." Akaokota mpira, akauweka kwapani. "Utangoja kidogo."

Hakuna aliyecheka. Macharia akaangalia saa yake, akaangalia uso wa yule mama, akaisimamisha saa. Peres akatembea hadi golini, akampa Shem mpira.

"Rusha."

"Nirushe wapi, Mama?"

"Popote. Nione tu."

Wachezaji wa timu zote mbili wakajisogeza kando bila kuambiwa. Shem akaufuta mpira kwenye jezi. Akapiga hatua mbili nyuma, goti linamuuma na hajali, mkono ukaenda nyuma, ukaja. Mpira ukatoka. Peres aliukodolea macho tangu ulipoacha vidole, akauona ukipanda, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukapita duara, ukazidi kwenda wakati mtu yeyote mwenye akili angesema sasa utashuka. Ulipotua kule mwisho, Athman, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameinuka, akaruka pembeni akipiga bismillahi.

Machozi yalimtoka Peres na meno yote nje, hajui aanze na lipi. Shem alikuwa anamtazama yeye tu.

"Hii ndiyo ulikuwa unafanya huko?"

"Ndiyo, Mama."

"Misimu tisa?"

"Misimu tisa."

Peres akafuta uso kwa kiganja. Akawageukia watu wa kule mwisho wa kiwanja, akapaza ile sauti yake ya kutangazia Uthiru: "Leteni huo mpira hapa!" Kisha akamgeukia mwanawe.

"Hiyo ilikuwa ya msimu wa kwanza," akasema. "Haya, rusha ya pili."

Macharia akahesabu kidogo kichwani, akaiweka filimbi mfukoni, akaketi chini kwenye nyasi.