Spika Zinachelewesha
Rwekaza alikaribia kupasuka kwa hasira. Alikuwa amewaita mashemeji zake kutoka Muleba waje kwake Nyanga kuona video ya harusi yake na Restituta kwenye laptopu, kwa spika mpya zisizo na waya. Sasa padri alifumba mdomo kwanza, ndipo sauti yake ikasikika. Rwekaza akazima, akawasha, akazisogeza, wapi! Mashemeji wakacheka mpaka wakapaliwa na senene, wale panzi wa kukaanga waliokuwa wakitafuna.

"Spika ndizo zinachelewesha!" akafoka. Akazizima kabisa, laptopu ikabaki na kisauti chake chenyewe, sawasawa na midomo.

Kwenye video, padri akamuuliza bwana harusi kama yuko tayari kumpokea Restituta. Bwana harusi akatazama dari, akameza mate, akakohoa, ndipo akajibu.

Restituta akamgeukia mumewe. "Na hapo napo ni spika?"