Bahati Mbaya, Refa

…bahati mbaya, refa, anasema tena, na mkono wangu uko kwenye mfuko wa kifuani, kidole kimeshagusa ukingo wa kadi ya njano, filimbi bado iko mdomoni na sijui kama naipuliza au ni masikio tu yanayolia, bahati mbaya, dada refa, wallahi sikumwona, na huyu Yasini ana adabu jamani, kabla ya mechi ndiye peke yake aliyekuja kuniamkia, wenzake wachimbaji wananitazama kama nimekuja uwanjani kuuza karanga, yeye akaja, shikamoo dada, nikaitika marahaba, na sasa macho yamemjaa machozi ya kweli, si ya kuigiza, na pale chini Doto, winga wa Nkome, ameushika ugoko kwa mikono miwili, halii, anahema tu, afadhali angelia… kacheza mpira, refa, kacheza mpira! huyu ni kapteni wa wachimbaji, Nassibu, kidole chake karibu kiniingie puani, mpira, mpira, mpira gani, mpira hauna ugoko! ndivyo alivyotuambia mwalimu Eustace kwenye kozi kule Kahama, nyie marefa wapya mnautazama mpira kama watu waliokuja kustarehe, mpira hauvunjiki, utazameni mguu, umefika na meno ya daluga au na ubavu, umetua wapi, goti limekunjwa au limenyooka kama mpini wa jembe, angeweza kujizuia au alishajitupa mzimamzima, na mimi niliona, Mungu wangu niliona, meno juu, goti limenyooka, mbio za bodaboda isiyo na breki, mpira aliugusa, ndiyo, akaugusa na kuendelea mpaka kwenye mfupa, na kinga ya Doto ni kipande cha boksi, kimekatika, kinachungulia kwenye soksi iliyochanika… huyu mama hajui mpira! wanapiga kelele kule kwenye kamba, mpira wa wanaume huo, rudi jikoni! haya, wanaume, mtabebana mgongoni mkishamaliza kuvunjana, na nani atakayempeleka Doto ziwani akavue, nyie mnaopiga kelele?

Lakini hakukusudia, hilo ndilo linalonishika mkono, hakukusudia, na swali hili nililiuliza mwenyewe darasani nikijiona nimeuliza la maana, mwalimu, je, kama hakukusudia? Eustace akavua miwani, Scolastika, umesoma wapi kwenye sheria neno hilo, nia iko moyoni na wewe si padri, jiulize kitu kimoja, ule mguu ulimhatarisha mwenzake au haukumhatarisha, ukimhatarisha ni nyekundu, basi, na usimtazame mkosaji usoni, ukimtazama usoni umekwisha… nami nimeshamtazama, nimekwisha, machozi yanamteremka, bahati mbaya, anasema, bahati mbaya, na neno hili nalijua, neno hili lilishakuja nyumbani kwetu, mwenye duara, lile shimo la dhahabu alimochimba baba, alilileta pamoja na gunia la mchele na blanketi, akaketi mkekani akalia, alilia kweli yule mzee, Mama Scola, ni bahati mbaya, udongo umeshuka wenyewe, na mama yangu, mjane wa asubuhi ile ile, akawa ndiye anayembembeleza, haya bhabha, nyamaza, bahati mbaya, akamletea maji anawe uso, nami nikamhurumia, na baba yangu bado yuko chini ya kifusi… na duara lile halikuwa na matimba, hata gogo moja la kushikilia ukuta, Makoye aliyekuwa akichimba na baba alimwambia mwenye duara, mzee ukuta unameguka, akajibu tutaweka, tutaweka, mvua ikanyesha, watu wakashushwa hivyo hivyo, hakukusudia, nani kasema alikusudia, alitaka dhahabu yake kama huyu alivyotaka mpira wake, na sisi tukaita bahati! bahati, kama vile udongo ulitoka kwao ukatufuata sisi, na miaka yote hii nimekuwa nikiyashukuru yale machozi, alau alilia, nilikuwa nikisema, alau alilia, na hasira inanipanda hapa nilipo, katikati ya uwanja wa Bugarama, kwa sababu machozi hayakushikilia ukuta, jamani, magogo ndiyo yangeushikilia… dada refa, nisamehe, nakusamehe, Yasini, nakusamehe kabisa mdogo wangu, hilo ni letu mimi na wewe, lakini ugoko si wangu niusamehe, na jioni nitamwambia mama, mama, haikuwa bahati mbaya, hakukuwa na matimba, labda atasema nyamaza ng'wanawane, nyamaza mwanangu, sitanyamaza… na Nassibu bado ananinyooshea kidole, Doto bado anahema, mkono wangu bado uko kifuani, na wachimbaji wameanza kutulia, wanapongezana hata kwa kupigana mabega, kwa kuwa wanajua kadi inayokaa kwenye mfuko wa kifuani ni ya njano, lakini ile nyekundu mimi huiweka mfuko wa nyuma.