Kilichozaliwa Bombani

Kinga ni bora kuliko tiba, mpaka kinga yenyewe iugue.

Binti wa maabara aliinua chupa dirishani. Maji ya bwawa yalikuwa na rangi ya chai hafifu, kwa maana mvua ilikuwa imekokota majani ya msitu mzima. Akadondosha klorini. Rangi ikafifia, ikafifia, ikatoweka. Yakabaki maji angavu kama jicho la mtoto. Lakini mashine ya kupimia haikuhadaika. Kwenye kioo chake mistari iliinuka kama vilele vya milima: vitu ambavyo havikuwamo bwawani, wala havikuwamo katika pipa la dawa. Jani na dawa vilikutana, vikazaa. Kila alipoviona mwili ulimsisimka, kama aliyefungua mlango akakuta uumbaji unaendelea bila kumwomba mtu ruhusa. Na mji mzima ulikuwa ukivinywa, kidogo kidogo, mwaka nenda mwaka rudi. Madhara ya aina hiyo hayapigi hodi.

"Mjomba, tusitie dawa maji yanapoingia. Tuyachuje kwanza, majani yatoke, ndipo tutie," alimwambia mkuu wa mtambo, kaka wa mama yake.

"Wewe na stashahada yako! Kipindupindu kilipopita hapa ulikuwa hata kutambaa hujui."

Hilo alilijua. Mwaka ule mjomba alimzika bintiye wa pekee, na tangu hapo hakuna tone lililoingia mtamboni bila kupokelewa na dawa. Kila asubuhi alikinga glasi bombani, akanusa, akatabasamu. Kwake harufu ile ndiyo uhai. Wala hakukosea: chembe tu ya dawa, na mauti hurudi yalikotoka. Hilo nalo lilimwacha binti kinywa wazi.

"Nitafikiria," alisema mjomba. Akafikiria hadi mvua ikazidi na vilele vikagusa ukingo wa kioo.

Ndipo binti akaifunga mwenyewe vali ya dawa pale maji yanapoingia. Ile ya mwisho, baada ya machujio, akaiacha wazi. Akapima na kupima tena. Vilele vilishuka vikawa vichuguu, na kwenye sahani za kuoteshea vijidudu hakikuota kitu.

Mjomba aligundua kwa pua. Aliingia maabara na glasi mkononi, maji yakichezacheza.

"Harufu iko wapi?"

"Dawa imo, Mjomba. Kilichopungua ni kile inachokizaa na majani."

"Umefunga vali yangu bila kuniambia!"

"Nilikuambia. Ukasema utafikiria."

Mlangoni mafundi wawili walijifanya wanapangusa kitasa. "Leo patachimbika," mmoja alinong'ona.

"Omba radhi mbele ya hawa," mjomba alisema, "au weka funguo za maabara mezani urudi kwa mama yako."

Binti akamsogezea moja ya sahani za vijidudu. Mjomba aliishika kwenye mwanga, akaigeuza taratibu, kama anayetafuta sura anayoifahamu. Ilikuwa tupu. Kisha akainua glasi, akanywa maji yote, bila kunusa.

"Vali sitaigusa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini radhi bado nataka."

Binti alivua funguo shingoni, akaziweka kando ya sahani.

"Hizi hapa, Mjomba. Radhi siombi."