Maji ya Mgeni

Sindano iliruka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya sura ya mtoto: sindano nyembamba ndani ya sanduku la chuma, ikitoka kwenye sifuri na kukimbilia kulia. Bwana Lobo, fundi mkuu wa kambi yetu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu sindano ikasimama palepale.

Mwaka ulikuwa 1956, katika kambi ya wapima miamba nje kidogo ya Msambweni. Kazi yetu ilikuwa kutafuta madini yaliyoyeyuka ndani ya maji ya vijito, ili wakubwa wajue pa kuchimba. Ukiyatazama maji kwa macho huoni kitu. Lakini ukiyatikisa pamoja na dawa yetu ya kijani, na yakawa na risasi, madini yenye sumu, ndani yake, dawa hugeuka nyekundu kama komamanga. Unaimimina katika kichupa chembamba na kukisimamisha mbele ya taa iliyomo sandukuni. Risasi ikizidi, wekundu nao huzidi, na mwanga unaovuka upande wa pili hupungua. Sindano inakwambia ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa. Mimi Boga, miaka ishirini na minne, shati jeupe na kalamu mfukoni, nilikiamini chombo kile kuliko nilivyomwamini binadamu yeyote.

Ila maji ya siku ile hayakuwa ya kijito. Yalitoka kijijini kwetu, nyuma ya Diani. Dada yangu Mwanarusi alikuwa na mwana mmoja tu, Iddi, wa miaka minne. Tumbo lilikuwa likimsokota, chakula hakitaki, ufizi umemwota mstari mweusi, na miguu ilikuwa ikimlegea. Watu walisema hili na lile. Mimi, mjuzi wa mambo, nikasema ni maji. Nikampa dada chupa niliyoiosha kwa mkono wangu, nikamwambia ajaze maji ya kisima, nami nitaipitia nikirudi kazini.

Kisima chenyewe kilikuwa wakfu. Mumewe Bi Mishi alikichimba mwenyewe, akakiacha kwa ajili ya Mungu, na alipofariki mjane akawa ndiye mlinzi wake. Kila asubuhi alifagia pale, na akamwomba kila aliyekuja na ndoo amwombee marehemu rehema. Hakuwa na mwana. Kisima ndicho kilichobaki.

Basi nikapeleka karatasi ya vipimo kwa wenye amri, na juma halikuisha, kisima kikapigiliwa mbao. Bi Mishi alisimama kando, upindo wa leso mdomoni, akisikiliza nyundo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza jambo moja.

"Mwanangu, na thawabu za mume wangu nazo zimefungwa?"

Tangu siku ile watu walianza kumkwepa, kana kwamba marehemu aliwachimbia sumu kusudi.

Na Iddi hakupona. Alizidi.

Siku moja nilikwenda kumtazama. Dada akanipokea kama ilivyo ada: maji baridi, kikombe juu ya sahani. Aliyachota kutoka sufuria ya shaba aliyopewa na baba siku ya harusi yake. Alikuwa akiyachemsha humo, akitia donge la ukwaju, akiyaacha mpaka kesho yake yapate ladha. Na hayo ndiyo aliyokuwa akinyweshwa Iddi, kwa kuwa mtoto mgonjwa hapewi maji mabichi. Nikamtania, mbona ananitendea ugeni.

"Hata chupa yako niliijaza humu humu," akasema. "Ningewapelekeaje wenzako maji mabichi, na takataka zake? Wangesema kwetu hatukufunzwa adabu."

Nilikirudisha kikombe sahanini. Kwetu mgeni hapewi maji ya kisima yalivyo. Mama alitufunza hivyo sote wawili, tukiwa wadogo. Nilimwambia dada ajaze chupa, sikumwambia kwa nini. Fundi mzima mimi.

Nilibandua ubao mmoja, nikateka maji ya kisima kwa mkono wangu. Nikachukua na ya sufuria. Kambini, ya kisima yaliiacha dawa kijani vilevile na sindano haikutikisika. Ya sufuria yaliigeuza nyekundu, na sindano ikaruka.

Sufuria ile ilitiwa bati kwa ndani, ili shaba isiguse chakula, na baba yetu, Mzee Suleiman. Kutoka Tiwi hadi Msambweni hapakuwa na fundi mwingine wa kutia bati aliyeaminiwa kama yeye. Wakati wa vita bati liliadimika, akaanza kulichanganya na risasi, akaona linang'aa sawasawa, na vita vilipokwisha hakuiacha desturi hiyo. Ukwaju nao ni mchachu, na uchachu huila risasi polepole. Nyumba ngapi zilikuwa na sufuria zake? Niliikunja karatasi ya vipimo hivi vipya, nikaitia mfukoni.

Nilimwambia dada aipumzishe sufuria. Akacheka, akasema zawadi ya baba haipumzishwi. Sikushikilia, maana kushikilia kungedai sababu, na sababu ilikuwa jina la baba. Nikajiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa ikapita. Siku tisa nilitembea na karatasi ile, wallahi, na siku ya kumi, saa tatu asubuhi, nilisikia kilio kabla sijashuka kwenye baiskeli. Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu, na mimi niliyaficha ya mtoto wa mwenzangu.

Matanga yalipokwisha nilimwekea baba karatasi mapajani. Hakujua kusoma, nikamsomea. Aliitazama mikono yake. Kisha akaondoka, akaenda nyumba kwa nyumba akiomba sufuria zake arudishiwe, na kila alipoulizwa sababu aliitaja. Hakutia bati tena mpaka alipokufa. Mbao za kisima ziling'olewa, na Bi Mishi akarudi na ufagio wake bila kumlaumu mtu.

Dada aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa siku ya arubaini, tuko wawili uani, naye anapepeta mchele.

"Ulijua lini?"

"Baada ya mazishi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepeta.

Sasa sote ni wazee. Nikienda kwake hunipa maji ya kisima, mabichi, ndani ya bilauri ya kioo, na kabla hajanipa huyainua mlangoni penye jua.

"Tazama wewe mwenye kujua," huniambia. "Ni safi?"

Nami hutazama. Mwanga wote unapita. Humwambia ni safi, nikanywa.