Pini Mdomoni

Nyumbani walimwita Uzi. Baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyempa jina hilo enzi za utoto, alipokuwa mwembamba kiasi kwamba kila gauni aliloshonewa lilimning'inia kama limeanikwa. Sasa alikuwa mama wa watoto wawili na mwili ulikuwa umejaa, lakini jina halikubanduka. Mumewe, fundi umeme wa kazi za zamu, alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa hana furaha alimwita Mama Watoto.

Uzi aliishi kwa kuandika, ingawa kitabu chake mwenyewe kilikuwa hakijaisha. Aliishi kwa vibarua. Mwenye duka la magodoro alitaka maneno ya kumfanya mtu akichukie kitanda chake. Kampuni ya dawa ya meno ilitaka tangazo la redio, ikaletewa, ikarudi kuomba lile lile ila "lichangamke kidogo". Chama cha wapangaji kilimletea kumbukumbu za mikutano azinyooshe, na mikutano yenyewe ilikuwa ugomvi wa maji taka tangu kufungua mpaka kufunga. Yote hayo aliyaandikia kwenye meza ya chakula, kompyuta imebanwa kati ya madaftari ya watoto na dawa za baba yake.

Maana baba alikuwa amehamia kwao. Kiharusi kilimwangusha dukani akiwa na mkasi mkononi, kikamwachia uhai na kuondoka na mkono wa kulia na ulimi. Neno moja tu lilibaki, nalo ni "ndiyo". Ndiyo yake ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa chumvi imezidi, ilikuwa nigeuzeni mgongo unaniuma. Watoto walimpisha chumba chao wakahamia sebuleni, na kila asubuhi Uzi alianza kwa kumnyanyua baba, kumwosha na kumvalisha, kisha kuwatafutia watoto soksi ambazo hazikuwahi kupatikana zote mbili mahali pamoja.

Riwaya aliiandikia kliniki. Alikuwa akimpeleka baba kwenye mazoezi ya viungo, na mtaalamu akishamchukua ndani, Uzi aliketi kwenye benchi la korido, akafungua kompyuta mapajani, akaandika huku magongo na viti vya magurudumu vikipita mbele ya miguu yake. Ilikuwa hadithi ya fundi cherehani mjane na binti zake wawili. Aliianza kabla mtoto wa pili hajazaliwa. Kuna wakati ilipita miezi hajaigusa, na akiirudia anakuta wahusika wamepoa kama chai iliyosahauliwa mezani, hawamtambui wala yeye hawatambui.

Ila ilikuwa na sura moja ambayo haikupoa hata mara moja. Haikuwa ya kutunga. Muda mfupi baada ya kumzika mama yao, baba alifunga duka, akayatoa magauni mazuri ya marehemu, akaketi kuyafumua, mshono kwa mshono, kwa wembe, bila kukijeruhi kitambaa popote. Kisha akayakata upya ili awashonee binti zake gauni moja moja. Uzi alisimama juu ya stuli apimwe pindo. Baba alipiga magoti mbele yake, pini amezibana kwa midomo kama walivyo mafundi wote, na katikati ya kulizungusha pindo mikono yake ikasimama. Uzi akatazama chini. Machozi yalikuwa yanamteremka baba yake mpaka kwenye pini. Hakuweza kufungua mdomo, asije akazimeza. Alilia hivyo hivyo, midomo imeng'ang'ania chuma, bila sauti, halafu akaendelea na pindo.

Sura hiyo ilimtoa Uzi jasho kuliko kitabu kizima. Hakumwonyesha mtu, hata dada yake.

Mkandarasi alimfikia kupitia kwa yule mwenye magodoro. Alikuwa mjenzi mstaafu, sauti nene, viatu vinang'aa, na alitaka kitabu cha maisha yake kitoke siku ya kutimiza miaka sabini. Uzi alikwenda kumrekodi nyumbani kwake, kikao baada ya kikao. Kuhusu madaraja na zabuni alizungumza mpaka simu ya kurekodia ikaishiwa chaji. Kuhusu kwao alikuwa mkavu.

"Mama alifariki nikiwa mdogo," alisema.

"Na baba je, mzee?"

"Alikuwa seremala. Mtu mzuri."

"Mzuri vipi? Nipe siku moja tu unayomkumbuka."

"Alifanya kazi," akasema Mkandarasi. "Nikimkumbuka namwona mgongo. Amenipa mgongo, anapiga randa. Wewe binti yangu andika tu kwamba alikuwa mtu mzuri."

Kitabu kilipobakiza sura ya utoto, mambo yakamwangukia Uzi yote kwa mpigo. Baba alishikwa na homa ya mapafu akalazwa. Mtoto mdogo akatoka vipele mwili mzima, shule ikamrudisha nyumbani. Dhoruba iliangusha nguzo za umeme nje ya mji na mumewe akaondoka na wenzake kwenda kuzisimamisha, hakuna ajuaye atarudi lini. Dada yake, muuguzi katika mji mwingine, aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Kwa hiyo Uzi alishinda wodini, mtoto mwenye vipele amemlalia begani, kompyuta kwenye kile kimeza cha chakula cha mgonjwa, na baba kitandani akivuta pumzi kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu.

Simu ikaita. Mkandarasi.

"Binti yangu, wachapaji wamesimamisha mashine wananisubiri mimi. Mimi nakusubiri wewe."

"Mzee, ile sura ya utoto haina kitu. Umenipa mgongo tu."

"Basi weka kitu," alisema, akakata.

Uzi alikaa akiitazama simu. Jirani wa baba, kitanda cha pili, alikuwa anakohoa. Mtoto alijikuna usingizini akalia kidogo akanyamaza. Kichwani hamkuwa na kitu cha kuweka. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya magodoro na meno. Akaifungua riwaya yake, akaiteua ile sura, akainakili.

Alijiambia ni ya kushikiza tu, mzee akisoma ataikataa na kutoa yake. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka ikamtisha. Magauni ya mama yakawa kabati la mama. Baba akalibomoa ubao kwa ubao, akamtengenezea mwanawe meza ya kusomea. Pini zikawa misumari. Wauguzi walikuwa hawajamaliza kumbadilishia baba shuka, na sura ilishaondoka.

Mkandarasi alipiga tena siku iliyofuata. Sauti nene ilikuwa imemkimbia.

"Hii misumari," alisema. "Nilikuambia lini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli, naye Uzi alipaona kabisa. Lakini mtoto alikuwa anamvuta sketi, na daktari alikuwa ameingia na anasubiri.

"Katika mazungumzo yetu, mzee," akajibu.

"Nilikuwa nimesahau kabisa." Mkandarasi alivuta kamasi. "Alikuwa anaiweka mdomoni kweli. Leo nimemwona baba yangu. Uso, binti yangu. Nimemwona uso."

Baba yake Uzi alitoka hospitali akiwa mwepesi wa kubebwa kama kapu tupu. Vipele vya mtoto vikakauka, mume akarudi na kikohozi cha vumbi, na kwa siku kadhaa Uzi hakuifungua riwaya wala hakujiuliza kwa nini.

Sherehe ya Mkandarasi ilifanyika kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa riboni. Dada yake Uzi alikuwa amepata ruhusa hatimaye, amekuja kumwona baba, na Uzi akamwambia twende wote, angalau ule chakula cha watu. Walikaa nyuma. Hotuba zilikuwa ndefu; dada, asiyejua kukaa kimya, alimtania mdogo wake kila aliposikia sentensi yenye mkono wake. "Hiyo 'nguzo imara' ni yako hiyo. Mzee huyu hajui hata kusema nguzo bila kutaja saruji."

Kisha Mkandarasi akafungua kitabu, akavaa miwani, akasoma. Alisoma habari ya kabati. Akasoma habari ya baba aliyepiga magoti, misumari mdomoni, machozi yakishuka juu ya misumari. Mwanamke mmoja wa mbele akatoa kitambaa akajifuta. Uzi aliangalia magoti yake. Alihisi dada ameacha kutafuna.

Dada alitangulia kutoka nje, penye magari.

"La kwangu lilikuwa la njano," alisema. "La kwako la bluu. Nilikuwa nimekaa kitandani nasubiri zamu yangu kwenye stuli. Ulidhani sikuona?"

"Dada, baba alikuwa wodini, mtoto anaumwa, mimi peke yangu. Maji yalinifika hapa."

"Najua. Mimi sikuwepo, na hilo linaniuma, ndiyo maana nilitaka kuufumba huu mdomo wangu." Alijifunga mtandio vizuri, akaufungua, akaufunga tena. "Lakini mdogo wangu, ungempa kitu kingine. Ungemtungia uongo wowote. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Aliondoka asubuhi. Tangu hapo waliendelea kupigiana simu kama kawaida, wakazungumza habari za dawa na vidonda vya kulalia, na kila mmoja alikata simu mapema kuliko zamani.

Uzi alipiga moyo konde akaenda kwa Mkandarasi. Alimkuta barazani na nakala ya kitabu mapajani, maana nakala za kwanza zilikuwa zimekwisha na alikuwa anaagiza nyingine.

"Mzee, naomba katika chapa mpya uitoe ile siku ya misumari," alisema, kabla hajakaribishwa kiti. "Haikuwa yako. Niliitoa kwangu. Huyo ni baba yangu mimi, na zilikuwa pini."

Alitegemea atafokewa. Mkandarasi aliikunja miwani yake polepole.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile uliposema nilikuhadithia. Mimi sijawahi kumhadithia mtu jambo la namna hiyo, hata mke wangu. Wewe una siku ngapi na baba yako?"

"Nyingi, mzee."

"Mimi ninayo hiyo moja. Nikikuruhusu uichukue, narudi kwenye mgongo." Akainuka kwa taabu, akamshika bega. "Nisamehe, binti yangu. Itatoka vile vile."

Akamsindikiza hadi getini kwa heshima zote, na heshima hiyo ilimuuma Uzi kuliko matusi.

Alijaribu kuiandika upya. Alipoketi na kumtafuta baba yake aliyepiga magoti, alimwona, lakini mikono ilikuwa imejaa maranda ya mbao. Akiandika pini, sikioni alisikia sauti nene ya Mkandarasi inasoma misumari na watu wanavuta kamasi. Hata rangi ya bluu ya gauni ilianza kumponyoka. Siku moja mchana, watoto wakiwa shuleni, akaingia chumbani akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, unayakumbuka magauni ya mama? Yale uliyoyafumua?"

"Ndiyo," baba alisema.

"Ulilia siku ile?"

"Ndiyo."

"Au niliyatunga mwenyewe?"

Baba alimtazama, jicho la kushoto likiwa limetulia, la kulia likichuruzika maji kama lilivyochuruzika tangu augue. "Ndiyo," alisema.

Uzi akamfuta jicho, akamgeuza upande wa pili, akarudi mezani na kuifuta sura.

Riwaya iliisha hivyo, kwa vipande vya muda, kati ya godoro moja na jingine. Mhariri wa nyumba ya vitabu aliyekuwa akiisubiri kwa muda mrefu alimwita ofisini. Aliipenda, alisema, ila kuna mahali panamkwaza.

"Huyu fundi wako," alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Mke anazikwa, anafunga duka. Ukigeuza ukurasa, duka limefunguliwa. Katikati hapo hapana kitu. Hakumlilia mkewe?"

Uzi alifungua mdomo. Akafikiri aeleze, akaona maelezo yenyewe ni marefu, na kwamba mwisho wa maelezo mhariri atasema basi kiandike kisa hicho. Akachoka kabla hajaanza.

"Hakuwa mtu wa kulia," alisema.

Mhariri alitikisa kichwa kukubali. "Sawa. Wako wanaume wa namna hiyo."

Kitabu kikatoka. Mumewe alinunua nakala akaipeleka kazini, akaisifia mpaka wenzake wakamwomba aache. Gazeti moja liliandika habari zake nusu ukurasa, likampongeza mwandishi kwa ujasiri wa kumchora baba asiye na moyo bila kumwonea haya. Uzi alizisoma amesimama jikoni, akazisoma tena, akalikunja gazeti akaliweka juu ya friji ambako watoto hawafiki.

Jioni dada yake akapiga simu. Na huko kwake pia gazeti lile huuzwa. Aliuliza vidonda vya mgongo vimefikia wapi. Uzi akamwambia vinakauka. Akauliza baba amekula nini, Uzi akamwambia amekula kidogo, amekataa nyama. Gazeti hakulitaja, wala Uzi hakulitaja.

"Haya, msalimie," dada akasema.

"Nitamsalimia," akajibu Uzi, na simu ikakatwa.